Jembe la Siku ya Tatu: Upweke wa Mgeni Mjini

Katika Kiswahili, hali ya mtu kukosa wenzake ina majina kadhaa, na majina hayo hayana uzito mmoja. Upweke, neno linalotokana na kivumishi -pweke, huanza kama hesabu tu: mtu mmoja, bila wa pili. Ukiwa ni neno zito zaidi, kwa kuwa mkiwa ni mtu aliyeondokewa na ndugu, na hata mji uliohamwa na watu wake husemwa kuwa umebaki ukiwa. Ugeni, neno la tatu, si kukosa watu bali ni kukosa mahali miongoni mwao. Anayehamia mji mpya huonja yote matatu, lakini ushauri anaopewa kwa kawaida hulenga lile la kwanza, yaani atoke nje, azoeane na watu, aongeze majina katika simu yake, kana kwamba tatizo lake ni hesabu na dawa yake ni kujumlisha.

Mji wenyewe hulikanusha wazo hilo kila siku. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728, kwa hiyo ndani ya miaka kumi mkoa huo uliongezeka kwa zaidi ya watu milioni moja, baadhi wakizaliwa humo na wengine wakishuka kwenye mabasi yatokayo mikoani. Aliyetoka Singida au Kigoma akapanga chumba Mbagala hakosi watu: huamshwa na sauti zao, husimama nao bega kwa bega ndani ya daladala, hukaa nao benchi moja kwa mama lishe, na bado anaweza kumaliza mwezi mzima bila kusikia mtu akilitaja jina lake. Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 na kuishi miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote, alitenganisha hali mbili ambazo huchanganywa kwa urahisi. Ya kwanza inaweza kuitwa faragha, ambamo mtu hujitenga na wengine lakini hubaki na nafsi yake kama mwenzi wa mazungumzo; ya pili ndiyo upweke wenyewe, ambao kwa maoni yake hudhihirika kwa ukali zaidi mtu akiwa katikati ya watu. Swali basi si mgeni amezungukwa na watu wangapi, bali ni kitu gani kinachokosekana kati yake na hao waliomzunguka.

Methali ya Waswahili isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, inakaribia kulijibu swali hilo, ingawa mara nyingi husomwa kwa namna isiyoitendea haki. Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962, katika maandishi yake kuhusu ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi na hapakuwa na nafasi ya mnyonyaji. Usomaji huo ni sahihi, lakini unalitazama jembe kwa jicho la mwenyeji anayelinda ghala lake. Likitazamwa kwa jicho la mgeni, jembe ni kitu kingine kabisa. Katika siku mbili za mwanzo mgeni huandaliwa, hutandikiwa, hupewa kiti kizuri, na heshima hiyo yote humweka nje, kwa maana hatumwi, haulizwi shauri, wala matatizo ya nyumba hayazungumzwi mbele yake. Anapokabidhiwa jembe anaondolewa heshima ya mgeni na kupewa kile ambacho heshima hiyo haikuweza kumpa: kuanzia siku hiyo asipotokea shambani, tuta lake litabaki halijalimwa, na mtu ataliona.

Ugumu wa mji ni kwamba siku ya tatu haifiki. Hakuna mwenyeji mmoja mwenye mamlaka ya kumpa mgeni jembe, na karibu kila haja ambayo kijijini ingempeleka kwa jirani hutimizwa kwa fedha. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliona mwaka 1903, katika insha yake kuhusu maisha ya miji mikubwa, kwamba uchumi wa fedha huwawezesha watu kushughulika wao kwa wao bila kujuana, kwani malipo humaliza uhusiano palepale. Aliyelipa hadaiwi, na asiyedaiwa hana sababu ya kurudi. Ndiyo maana mpangaji mwenye uwezo, ambaye maji huletewa, chakula huagiza na mizigo hubebewa na bodaboda, huweza kuwa mpweke kuliko mpangaji wa nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, ambayo uani wake mmoja ndio jiko, bafu na mahali pa kuanikia nguo kwa kila aliyepanga. Uani huo una ugomvi wake, na haifai kuupamba. Kugombania zamu ya kulipa umeme si jambo la kutamaniwa. Lakini hapo mtu huishiwa chumvi, huomba kijiko, na siku nyingine huombwa yeye. Deni la kijiko cha chumvi ni dogo mno kulipwa kwa fedha, na ni kubwa kiasi cha kumpa aliyeomba sababu ya kukumbukwa, kwa hiyo huendelea kubaki, likiwafunga watu wawili kwa uzi mwembamba ambao utaongezewa nyuzi nyingine. Wahamiaji wengi hujisifu kwamba hawamsumbui mtu, na fahari hiyo inaeleweka, lakini ndiyo hasa inayowafungia mlango kwa ndani.

Chumvi hiyohiyo inatokea kwa Aristotle, aliyeandika katika mafundisho yake kuhusu maadili kwamba tamaa ya urafiki huja haraka ilhali urafiki wenyewe hauji haraka, akikumbusha methali ya zama zake kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wawe wamekula pamoja kiasi chao cha chumvi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani aliligeuza wazo hilo kuwa saa: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha watu waliohama karibuni na wanafunzi waliokuwa wageni chuoni, alikadiria kwamba huhitajika saa 50 hivi pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili awe wa karibu. Takwimu hizo si sheria, ila zinamtetea mgeni dhidi ya kujilaumu, kwa sababu anayelalamika baada ya miezi mitatu kwamba hapendwi huenda bado hajala chumvi ya kutosha na mtu yeyote.

Hata hivyo hoja hii, kwamba upweke hutoweka pale mtu anapohitajiwa, ina mtihani mzito, nao ni maisha ya msichana aliyetolewa Iringa au Dodoma kuja mjini kufanya kazi za ndani. Huyu alipewa jembe si siku ya tatu bali saa ileile aliyoshuka kwenye basi. Huhitajiwa kuanzia alfajiri mpaka usiku, huitwa dada na watu wasio ndugu zake, na asipoamka nyumba nzima husimama. Lakini nyuma ya geti la nyumba hiyo kunaweza kuwa na upweke usiopimika. Kama kuhitajiwa kungetosha, basi yeye angekuwa wa mwisho kuwa mpweke. Lazima hoja irekebishwe: kinachohitajiwa kwake ni kazi, na kazi hiyo, akiondoka leo, itafanywa na mwingine kesho ambaye naye ataitwa dada. Jembe la methali lilikuja pamoja na sehemu katika mavuno na nafasi ya kukaa kwenye chakula kimoja na waliolima. Jembe lisilo na mavuno ni utumishi tu. Kinachomtoa mtu katika ugeni ni kutegemewa yeye mwenyewe, kwa jina lake, katika jambo ambalo angeweza kulikataa na ambalo naye humrudishia kitu. Mwajiri anayemnyima siku ya mapumziko, hata kama mshahara humlipa kwa wakati, humnyima hasa uwezekano huo, na hilo ni dhuluma ambayo miji yetu imeizoea mno.

Wahamiaji wengine hutafuta njia ya mkato kwa watu wa kwao, katika vyama vya wilaya, vikundi vya kuzikana na vya kukopeshana. Zamani utani, yaani desturi ya makabila mawili kuruhusiana mizaha pamoja na wajibu wa kusaidiana kwenye mazishi, ulimpa Mnyamwezi aliyefika pwani ukaribu na Mzaramo kabla hawajajuana hata kidogo. Njia hizi ni za thamani kubwa, hasa wakati wa msiba, ingawa mtu anaweza kuishi ndani yake miaka ishirini akiwa hajahamia mjini bado.

Iko methali nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone, ambayo hugeuza upande wa mzigo. Katika mji ambao wakazi wake wengi walizaliwa kwingine, anayeitwa mwenyeji mara nyingi ni mgeni aliyetangulia, na hodi ya jirani mpya humponya naye. Msichana yule wa kazi za ndani, akiruhusiwa Jumapili moja kujiunga na kwaya, atapewa sauti ya pili na wimbo wa kujifunza, na wiki asipofika sauti hiyo itapwaya, na waimbaji watamtafuta kwa macho. Akirejea ataambiwa umepotea, au umeadimika, maneno ambayo hayasemwi kwa mtu asiye na mahali pa kupotea, na palepale atadaiwa maelezo ya alikokuwa.