Siri na Idhini

Utungaji wa programu za kompyuta una adabu yake ya kusitiri. Lugha ya Java, iliyotangazwa mwaka 1995, humwezesha mtungaji kuunda kitu chenye data ndani yake, akaitia data hiyo alama ya faragha. Wengine waitakao sharti wapite katika njia aliyoiweka yeye, kama mgeni asimamaye mlangoni akapiga hodi. Lakini lugha hiyo hiyo, tangu mwaka 1997, ina uakisi, yaani uwezo wa programu kujitazama inapofanya kazi, kama mtu ajitazamavyo katika kioo, na kutambua sehemu zake zote. Mwaka 1998 ikaongezwa amri ya kuifikia hata sehemu yenye alama ya faragha. Swali likazuka: je, kila liwezekanalo ni halali?

Wako wasemao kuwa ni halali, na hoja yao si nyepesi. Data hiyo, wasema, imo katika kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, na alama ya faragha si kufuli. Hilo ni kweli. Lakini ni nusu ya kweli. Faragha hii haikuwekwa kwa ajili ya wezi. Mwaka 1972 David Parnas alifundisha kwamba kila sehemu ya programu ifiche uamuzi unaoelekea kubadilika, ili badiliko la mahali pamoja lisiwe msiba wa kila mahali. Basi siri hapa si ubahili wa mwenye nyumba, bali ni uhuru wake wa kuitengeneza.

Mfano ulio wazi ni kitu cha Java kinachohifadhi maandishi. Kwa miaka mingi ndani yake mlikuwa na safu ya herufi, kila moja ikichukua baiti 2. Katika toleo la 9, Septemba 2017, safu hiyo iligeuzwa kuwa ya baiti, ili maandishi ya Kilatini yatosheke na baiti 1 kwa kila herufi. Aliyepita mlangoni hakudhurika. Aliyezoea kuchungulia ndani alitaraji safu ya herufi, akakuta kitu kingine, na programu yake ikaanguka. Watungaji wa Java hawakuvunja ahadi, maana hawakuahidi. Hata hivyo hasara haikomi kwa mchunguliaji: humfikia mtumiaji asiyejua kwamba kuna ukuta uliotobolewa. Tena wachunguliaji wakiwa wengi, mwenye nyumba huogopa kuhamisha hata kiti, akawa mfungwa katika nyumba yake.

Je, uakisi upigwe marufuku? Hapana. Programu za kutafuta makosa, za majaribio, na za kuhifadhi vitu ili vifufuliwe baadaye, haziwezi kutimiza kazi yake pasipo kuona ya ndani. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini kata huingia kwa mdomo wa mtungi, tena kwa mkono wa mwenyewe. Toleo la 9 lilimpa mtungaji njia ya kutaja waziwazi ni sehemu zipi anazifungulia uakisi, na kwa nani. Toleo la 16, mwaka 2021, likaanza kuwakataa kwa kawaida wanaoingia sehemu nyingi za ndani za Java yenyewe, isipokuwa mwenye kuendesha programu ameandika ruhusa.

Hapo ndipo penye hukumu. Kosa halimo katika kuona, limo katika kuona kwa kificho na kumwachia mwingine mzigo wa matokeo. Mwenye haja ya kweli na aombe; asipopata wa kumwomba, na aandike alichokifanya mahali pa kuonekana, ajue kuwa kitakapovunjika ni juu yake kukiunga. Uwezo wa kufungua mlango haumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba.