ALIYETUMWA AJIFUNZE LUGHA YA WATU

Masomo: Matendo ya Mitume 18:1-3, 24-26, Waamuzi 12:1-6, 1 Wakorinto 14:9-11

 

Mimi na mke wangu tulitoka kwetu Bakongo, magharibi ya nchi, tukaja huku Walikale kutumika kwa kujitolea, bila mshahara. Kikongo na Lingala tulivijua, Kifaransa tulikisoma shuleni. Kiswahili kilikuwa kidogo mdomoni, na Kinyanga hatukujua hata salamu.

Asubuhi moja mama mzee alibisha hodi akasema: "Mama, saa ya sala imefika." Mke wangu akachukua jembe, akamfuata. Kwa maana kwetu, katika Kikongo na Lingala, "sala" ni kufanya kazi. Akaingia katika maombi na jembe begani! Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Mimi niliona haya, nikamkemea nyumbani. Lakini sisi tuliofundishwa Bolingo, Mibeko, Misala, yaani Upendo, Amri na Kazi, tulipaswa kujua kwamba sala na jembe ni ndugu.

Tazameni sasa: yule aliyekubali kuchekwa ndiye aliyejifunza. Alikwenda shambani na wamama, wakamfundisha jina la muhogo, la maji, la mtoto mgonjwa. Mimi nilibaki na daftari langu, nikiongea na walimu na wakubwa. Nilisema moyoni: Kinyanga ni lugha ya kijiji, kitanisaidia nini? Nilikosa. Kwa lugha hiyo mzee Candi Rureke aliimba habari ndefu za Mwindo mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, wakazitoa katika kitabu mwaka 1969. Mbele ya Mungu hakuna lugha ya kijiji.

Kisha ukaja msiba. Bibi mmoja alifiwa na mjukuu usiku. Nikasimama, nikaomba kwa Kiswahili kirefu, nikajiona nimemfariji. Nilipomaliza, bibi yule alimgeukia mke wangu, akamwuliza: "Mume wako amesema nini?" Mke wangu hakuwa na maneno ishirini ya Kinyanga. Akayatumia yote. Bibi akamshika mkono, ndipo akalia. Ndugu, usiku ule nilielewa Mtume Paulo anapowaambia Wakorinto kwamba asiyeelewa sauti yangu, mimi kwake ni mgeni, naye kwangu ni mgeni. Sala yangu ilipita juu ya kichwa cha mfiwa kama ndege.

Kesho yake nilimwomba mke wangu msamaha, nikamwambia: "Mama, nifundishe." Kila jioni penye moto alinipa maneno matano. Je, ni aibu mume kufundishwa na mke? Someni habari za Akila na Prisila. Walifukuzwa Roma kwa amri ya Klaudio, wakafika Korintho ugenini, wakashona hema. Baadaye huko Efeso wote wawili, si mume peke yake, walimchukua Apolo, mtu mwenye elimu, wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Apolo hakukataa.

Wazee wetu wa imani walipita njia hiyo pia. Tangu mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipokamatwa, serikali ya Wabelgiji ilihamisha familia nyingi mbali na kwao. Wengine walifikishwa hata Lowa, pale mto huu wetu wa Walikale unapoingia katika Lualaba. Walitupwa kati ya watu wasiojua lugha yao. Walijifunza, wakaomba pamoja nao, na kanisa likaenea kwa njia ya kifungo mpaka likatambuliwa tarehe 24 Desemba 1959.

Lakini lugha inaweza kuwa panga. Katika Waamuzi 12, mtu aliyeshindwa kutamka neno moja tu aliuawa kando ya Yordani, walianguka 42,000. Sisi wa Walikale na Masisi tusisome habari hiyo kama ya mbali. Machi 1993 damu ilimwagika Ntoto, kisha moto ukaenea Masisi, jirani kwa jirani. Mnyanga, Mhunde, Mkumu, Mrega, Mtembo, Mnyarwanda: kila mmoja ana mama aliyezika.

Basi nawasihi mambo matatu. Kwanza, ukitumwa ugenini, kubali kuchekwa. Kiburi hakijifunzi lugha. Pili, mume na mke mfundishane, asiwepo wa kumkemea mwenzake kwa neno alilokosea. Tatu, hata usipotumwa mbali, jifunze salamu ya jirani ambaye kabila lako linamwogopa. Jifunze pia namna anavyomlilia maiti wake, maana siku ya msiba hutakuwa na wakati wa kutafuta daftari.

Bwana atupe ndimi za kuponya, si za kuchinja. Amina.