Nyumba Isiyo na Moshi



Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Siku moja kabla ya kurudi Kisaki, mjukuu wangu wa darasa la sita akaniomba nimpeleke Kijiji cha Makumbusho, kule kando ya barabara ya Bagamoyo. Kila aliyepanda daladala mjini humo amewasikia makondakta wakiliita jina hilo, maana lipo kituoni, lakini wengi wanaoshuka hapo hawana habari kwamba jirani yao pana nyumba za mababu zetu, zilizojengwa katika miaka ya 1960 na Makumbusho ya Taifa kwa mafundi na vifaa vya kienyeji.

Tuliona msonge wa Wahaya, umeezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Tuliona tembe, lenye paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Kisha tukafika kwenye nyumba ya Kizaramo, ya pembe nne, fito na udongo, nami nikasimama. Ilifanana sana na nyumba ya mama yangu.

Mjukuu akaniuliza, "Babu, watu hawa walikuwa maskini?"

Nimefundisha walimu wa shule za msingi kwa miaka mingi, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha namna ya kujibu maswali ya watoto. Sikumjibu. Nilimwambia tuendelee mbele, jua kali.

Naomba niwaeleze kwa nini. Tulipohamia kijijini mwaka 1974, nikiwa mwanafunzi, baba aliibomoa nyumba yetu ya zamani lakini hakuacha nguzo. Alizing'oa moja moja, tukazibeba, akazisimika upya mahali tulipopewa. Mama na shangazi zangu wakakandika. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mpya na ilikuwa ileile. Miaka mingi baadaye, nilipopata mshahara wa kueleweka, nikamjengea mama nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Alishukuru sana, akaweka humo kitanda na sanduku lake. Lakini mchana kutwa alikuwa katika ile ya zamani, penye mafiga.

Nilikuwa natarajia wageni kutoka chuoni. Niliona aibu. Mama alipokwenda kumuuguza dada yake mlimani kwa juma moja, nikawalipa vijana wakaibomoa. Aliporudi hakunigombeza. Alipatazama pale mahali, akaniuliza, "Baba, na mbegu yangu nitaitundika wapi?"

Wale waliokulia huku wanaelewa swali hilo. Mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya meko, na moshi huyakinga na wadudu. Mwaka ule mbegu ya mama ilitobolewa yote na fukusi, akaenda kuomba kwa jirani. Mimi nilirudi chuoni kufundisha.

Sasa mtu aweza kusema kwamba nilikosa kwa kuibomoa, na kwamba ningeitunza kama wanavyotunza wale wa Makumbusho. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo kwa muda. Lakini tuwe wakweli. Moshi ule ule uliokinga mbegu uliwaharibu mama zetu macho na vifua. Katika sakafu na nyufa za nyumba za udongo hujificha papasi, na ndugu zetu wa Dodoma waijua vizuri homa yake, inayopoa na kurudi. Katika ile nyumba ya Makumbusho hapakuwa na papasi wala moshi siku ile. Palikuwa pamefagiliwa vizuri. Mtoto akitazama hapo ataona uzuri tu, na uzuri peke yake ni nusu ya habari.

Tena kuna jambo ambalo fundi yeyote wa kuezeka atakuambia. Nyumba ya nyasi hailindwi kwa kufungwa mlango. Moto wa kila siku hukausha paa, masizi hupaka boriti, dumuzi na mchwa hukaa mbali. Ukizima mafiga, paa linaanza kuoza. Nimesoma kwamba ndivyo ilivyo hata mbali sana, katika kisiwa cha Aisilandi, nchi ya baridi isiyo na miti mingi, ambako watu walijenga kuta na mapaa kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake. Nyumba yao moja, Glaumbær, ilikaliwa na watu hadi mwaka 1947, na mwaka 1952 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Nyumba za namna ile huingia unyevu na kubomoka pole pole, na kizazi hata kizazi zilikuwa zikijengwa upya. Basi wanaozihifadhi leo hawana budi kuwa na watu wanaojua kukata yale mabonge na kuyapanga. Wakikosekana hao, kilichobaki ni kifusi.

Nikawakumbuka Waisraeli. Walikuwa na nyumba imara katika nchi yao, na hata hivyo waliagizwa kukaa siku saba kila mwaka katika vibanda vya matawi, ili watoto wao wajue jinsi wazee walivyoishi jangwani. Hawakuagizwa kukihifadhi kibanda kimoja cha zamani na kukizungushia uzio. Waliagizwa kujenga. Katika Nehemia sura ya nane tunasoma kwamba desturi hiyo ilikuwa imeachwa muda mrefu, na watu wakapanda mlimani kutafuta matawi. Naona kama nawaona wakiulizana ni matawi gani.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, nadhani. Nyumba ingeanguka yenyewe siku moja. Lakini nilibomoa bila kumwuliza mama hata neno moja: namna ya kuchagua nguzo, wapi hukatwa fito, udongo upi hauchaniki ukikauka. Nilikuwa na cheti cha ualimu, na sikuwa mwanafunzi wake hata siku moja. Alifariki mwaka 2004.

Kiangazi kilichopita, mjukuu alipokuja likizo, tulijaribu kujenga jiko dogo nyuma ya nyumba. Nilidhani nitakumbuka. Nilikata fito mbichi mno zikapinda, na kamba nilifunga kinyume. Ilibidi nimwite bibi mmoja jirani, mwenye miaka zaidi ya themanini, akakaa kwenye kigoda akituelekeza kwa fimbo. Udongo niliouleta aliukataa, akampeleka mtoto hadi kwenye kichuguu kilicho njia ya mtoni. Tulipomaliza, jiko lilikuwa limeinamia upande wa mashariki. Alilitazama akasema mbuzi wake wasingekubali kulala humo.

Mbegu imetundikwa humo, mishikio sita. Mjukuu amerudi shule, na swali lake la umaskini hajaliuliza tena. Safari hii ameniandikia kuuliza kama moto unawashwa kila siku.