Mamluki ana kosa gani?

Ukitaka kuvunja mechi ya vijiji huku kwetu Mbulu, huna haja ya kurusha jiwe. Simama pembeni ya uwanja pale Dongobesh, mnyooshee kidole mchezaji mmoja, sema: "Mamluki yule." Mpira utasimama. Orodha ya majina itatolewa mfukoni, mwenyekiti wa kitongoji ataitwa, mtu atauliza huyu kijana analala nyumba ya nani. Kama anajua mpira au hajui, hakuna wa kuuliza. Kwanza kujua kwake ndiko kulikomponza.

Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu. Mamluk ni mtu aliyemilikiwa, na ukilisikiliza vizuri utasikia "miliki" humo ndani. Ndio wale askari walionunuliwa wakiwa wadogo, halafu baadaye wakaitawala Misri wenyewe, kuanzia 1250 mpaka 1517. Kwa hiyo tusi letu linabeba mashtaka mawili: huyu amenunuliwa, na huyu si wetu. Hivi lipi kati ya hayo ndilo kosa?

Mchukue Temwa Chawinga, binti wa Malawi. Alijiunga na timu ya wanawake ya Wuhan, China, mwaka 2020, na timu hiyo ikabeba ubingwa wa ligi 2020, 2021, 2022 na 2023. Mwaka huo wa mwisho alifunga mabao 63 katika mashindano yote, akatajwa mfungaji bora wa dunia. Dada yake Tabitha naye alipita Wuhan, akitokea Jiangsu. Barbra Banda wa Zambia alikuwa Shanghai. Na wa kwetu, Opah Clement, nahodha wa Twiga Stars, alitoka Simba Queens akaenda Beşiktaş ya Uturuki, kisha Henan, hukohuko China.

Sasa, soka la wanawake la China limejengwa juu ya majimbo. Binti analelewa kimichezo na jimbo lake, na kila baada ya miaka 4 analipigania kwenye Michezo ya Taifa. Huko mgeni hana nafasi. Temwa angeweza kuwapa Wuhan makombe ya ligi mpaka kabati lijae, lakini siku wenyeji wanapogombea heshima ya nyumbani, yeye hayumo. Mamluki gani kuliko huyo? Ila hakuna aliyemwita hivyo. Kila mtu alijua ametoka wapi, mkataba una tarehe ya kuanza na ya kuisha, na hakuna aliyemwambia ajifanye mtoto wa Wuhan.

Ndiyo maana naona malipo si kosa, na ugeni si kosa. Kinachooza kwenye mechi zetu ni lile jina la kuazima, na mara nyingi aliyeliazima ni kiongozi wa timu, si yule kijana. Mkulima wa vitunguu saumu wa Dongobesh akimuuzia mchuuzi wa Arusha, nani anamuuliza kama anaipenda Arusha?

Kuna hoja ngumu zaidi, nayo siwezi kuiruka: mchezaji wa kulipwa hana uaminifu, akiona dau nono anaondoka. Ni kweli wanaondoka. Banda alikwenda Orlando mwaka 2024 kwa ada ya takriban dola 740,000. Lakini hebu tuangalie upande wa pili. Novemba 2020 wanaume wa Jiangsu Suning walitwaa ubingwa wa China. Februari 2021 kampuni iliyoimiliki klabu ikasitisha shughuli zake. Miezi mitatu tu! Hapo wachezaji walikuwepo, klabu ndiyo iliyoondoka. Mbona uaminifu tunamdai binti mwenye miaka michache ya kucheza, na mwenye mali hatumdai?

Na sisi huku Mbulu tuna mfano wetu tunaoupenda. John Stephen Akhwari, mwaka 1968 kule Mexico, alimaliza marathoni goti likiwa limeumia na kufungwa bandeji, wa mwisho, giza limeingia. Tunamsimulia kama kielelezo cha mtu aliyejitoa kwa nchi. Alirudi nyumbani akalima. Nina wasiwasi kwamba tunaupenda uaminifu wa namna hiyo kwa sababu haujatugharimu hata senti. Kisha binti wa hapa hapa akipata mkataba nje, tunaanza: eti amekimbilia hela. Opah aliyauza mabao yake China, na Julai 2025 akaifungia Twiga Stars dhidi ya Afrika Kusini, kwenye sare ya 1–1 kule Morocco. Miguu ni ileile.

Mei 2025 Wuhan walitwaa ubingwa wa klabu za wanawake Asia, kwa penalti, mbele ya Melbourne City. Temwa alishahamia Kansas City zamani. Ila tiketi ya mashindano yale ilitokana na ubingwa wa 2023, msimu wa yale mabao 63.