Kaeni Nyumbani: Na Asiye na Nyumba?

Mwezi wa Machi mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa ukienea duniani, serikali nyingi ziliwapa raia amri moja: kaeni nyumbani. Amri ilikuwa njema, wala hatuna neno la kuilaumu. Walakini walikuwako watu ambao kwao haikuwa na maana yo yote, kwa kuwa hawakuwa na nyumba. Katika Kenya, tangu tarehe 27 Machi, watu walikatazwa kuonekana nje kuanzia saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Mtu alalaye barazani mwa duka aliivunja sheria hiyo bila kuinua mguu.

Mji wa Las Vegas, katika Marekani, ulilionyesha jambo hili waziwazi. Mwisho wa mwezi ule nyumba ya kulaza maskini, iliyo mikononi mwa shirika la Kikatoliki, ilifungwa kwa muda kwa sababu mtu mmoja aliyelala humo alikutwa na ugonjwa. (Twayasema haya bila kuficha, maana ni ya kwetu.) Watu wapatao 500 wakakosa malazi. Wakuu wa mji wakawaandalia uwanja wa kuegesha motokaa, wakachora chini miraba myeupe, ili kila mmoja alale mbali na mwenzake. Walipima vema. Na usiku ule ule mahoteli ya mji, yenye vyumba zaidi ya 100,000, yalikuwa karibu matupu, kwa kuwa gavana alikuwa amezifunga nyumba za kamari.

Uingereza ilishika njia nyingine. Tarehe 26 Machi serikali ilizitaka halmashauri ziwaingize ndani wote walalao nje, tena katika siku chache. Shabaha ilikuwa kila mtu apate chumba chake chenye mlango, kwa maana bweni la vitanda vingi hueneza upesi ugonjwa wa namna hii. Hata mwisho wa Novemba, watu zaidi ya 33,000 walikuwa wamesaidiwa, na katika hao zaidi ya 23,000 walikwisha kupata makao ya kudumu zaidi. Wataalamu walikadiria kwamba hatua za miezi ya kwanza huenda ziliepusha vifo 266 miongoni mwa watu wasio na makao.

Wako wasemao kwamba hayo hayakuwa mapendo bali hofu: wenye nyumba waliogopa kuambukizwa na wasio nazo. Yawezekana. Lakini nia iliyopungua humdhuru mtoaji. Aliyelazwa kitandani hakulala vibaya kwa sababu yake. Swali linalotusumbua sisi ni jingine.

Teolojia ya maadili hufundisha kwamba hakuna alazimikaye kutenda lisilowezekana. Kwa miaka mingi sote tulijificha nyuma ya fundisho hilo: fedha hazipo, vyumba havipo, wengine wapenda wenyewe kulala nje. Kumbe katika siku chache fedha zilipatikana, vyumba vilipatikana, na wengi wa wale walioitwa wakaidi waliingia walipopewa ufunguo wa chumba. Basi neno "haiwezekani" halikuwa kweli. Maana yake ilikuwa "hatujaogopa bado". Na wajibu tuliodhani kwamba hautuhusu ulikuwa juu yetu muda wote ule.

Twakubali kwamba hoteli si nyumba, na kwamba mwenye hoteli hawezi kudaiwa vyumba vyake wageni warudipo. Lakini kumhamisha mtu ni jambo moja, na kumrudisha njiani ni jambo jingine. Katika hesabu ifanywayo Uingereza usiku mmoja kila mwaka, kabla ya baridi kali, walalao nje walikuwa 4,266 mwaka 2019. Mwaka 2021 walishuka hata 2,440. Mwaka 2024 walikuwa 4,667. Asiyejua njia ya kuokoa ana udhuru wake. Aliyeijua, akaitumia, kisha akaiacha, atasema nini?

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Sisi wenyewe tuna ukumbi wa parokia, mpana, wenye paa zuri, ufungwao kwa kufuli kila siku saa kumi na mbili jioni. Hatujapata bado jibu la kuwapa wale walalao barazani mwake.