Feza Iliyokuja kwa Kosa



Mtu mmoja alitujia jioni, akakaa, akanyamaza kitambo, halafu akatueleza neno lililomnyima usingizi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kampani moja hapa Kindu. Kazi ikaisha, akapewa barua, akarudi nyumbani. Miezi miwili ikapita. Mwisho wa mwezi wa tatu telefone yake ikalia: banki ilimjulisha kwamba mshahara umeingia, mshahara mzima kama zamani. Akazani ni dekonti finali yake aliyokuwa akiingojea. Mwezi wa nne feza ikaingia tena, hesabu ileile. Hapo akatambua: jina lake halijafutwa kwenye listi ya wafanyakazi.

"Mimi sikuiba," alituambia. "Sikuandika uongo, sikufungua sanduku la mtu. Feza ilikuja yenyewe. Watoto walikuwa wamefukuzwa masomoni kwa ajili ya minervali. Na dekonti finali yangu haijalipwa mpaka leo. Je, nina zambi? Je, nirudishe?"

Tunajibu hapa bila kumtaja jina, maana swali lake si lake peke yake.

*Kitu ni cha nani?*

Mbele ya kuuliza kama mtu ana zambi, tuulize kwanza: kitu hiki ni cha nani? Mshahara ni bei ya kazi. Mtu akitoa jasho, mshahara ni wake, na tajiri anayeuzuia anamzulumu. Lakini pasipo kazi, wala likizo, wala mapatano mengine, mshahara wa kulipia nini? Mkono wa karani umeteleza tu, na kuteleza kwa mkono si zawadi.

Fikirini mtu anayevuka Lualaba jioni kwenda Alunguli. Anatoa noti, na mwenye mtumbwi, kwa sababu ya giza, anamrudishia noti kubwa kuliko ile aliyopewa. Je, noti hiyo imekuwa ya abiria kwa sababu macho ya maskini yule yamekosa? Kila mtu mwenye haki atasema: hapana. Basi, lisilo halali kwa mwenye mtumbwi haliwi halali kwa sababu mwenye feza ni kampani.

Waalimu wa kale wa Kanisa walikuwa na neno fupi juu ya jambo hili: kitu kinamlilia mwenyewe. Ukikificha ndani ya sanduku kinalia, ukikibadilisha kuwa mabati ya nyumba kinalia. Amri ya saba haikatazi kutwaa tu. Inakataza vilevile kushika cha mwingine. Na sheria ya inchi yetu inakubali hivyo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo mahakimu wetu wanaitumia hata leo, inaamuru kwamba aliyepokea kisicho chake, kwa kukosa ao kwa kujua, akirudishe kwa yule aliyempa.

*Mbuzi wa mzee Tobia*

Katika kitabu cha Tobia, sura ya pili, tunasoma habari inayofanana sana na hii. Mzee Tobia alikuwa amepofuka, na mke wake Ana alifuma nguo za watu kwa mshahara. Siku moja matajiri wake walimlipa haki yake yote, wakaongeza na mwana-mbuzi. Mzee akasikia mbuzi akilia nyumbani, akashituka: huyu ametoka wapi? Akaamuru arudishwe kwa wenyewe. Mke akajibu kwamba amepewa zawadi juu ya mshahara. Mzee hakusadiki, na nyumba ikajaa maneno makali.

Habari hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza: mzee, ijapokuwa njaa ilikuwa mlangoni, hakutaka kula kisicho chake. La pili: mzee alikosa, maana alihukumu mbele ya kupeleleza. Kilichozidi huenda ni zawadi kweli, huenda ni deni la zamani lililolipwa. Kwa hiyo neno la kwanza kwa mtu aliyeona feza asiyoifahamu ni hili: nenda kauliza. Si kula upesi, wala kutetemeka kama mwizi. Uliza, na uulize mbele ya kuitumia.

*Mwezi wa kwanza na mwezi wa pili*

Tuseme sasa juu ya zambi. Mwezi wa kwanza mtu yule alizani feza ni dekonti yake. Alikuwa na nia njema, naye hakutenda zambi. Wenye elimu ya Kanisa wanafundisha kwamba aliyekula kitu cha mwingine kwa nia njema hatakiwi zaidi ya kile kilichobaki mkononi mwake, ao kile alichotajirika kwacho. Lakini tuangalie vizuri. Alilipa minervali. Kama feza ile isingekuja, angaliuza mbuzi wake wawili alipe minervali ileile. Mbuzi wangali wapo uani. Basi ametajirika kwa samani ya mbuzi wawili, na samani hiyo ni deni, ijapokuwa si zambi.

Mwezi wa pili ni neno lingine. Siku hiyo alijua. Tangu saa mtu anapojua, kitu kikikaa kwake kinakaa kwa kosa lake, naye anapaswa kurudisha chote, hata kama amekwisha kukila.

*Visingizio vitatu*

Kisingizio cha kwanza: "Kampani ni tajiri, haitaona." Lakini haki haipimwi kwa utajiri wa mwenye kitu. Tena si kweli kwamba hakuna anayeumia. Siku ya kuhakiki vitabu, hasara itatafutiwa mtu, na mara nyingi ni karani mdogo, naye pia ana watoto. Wewe ulitaka kula ya tajiri, kumbe umekula bugali ya mwenzako.

Cha pili: "Wote wanafanya hivyo." Ni kweli, ugonjwa huu umeenea. Tangu mwaka 2011 Serikali yetu ilianza kulipa watumishi wake kwa njia ya banki, na shabaha moja ilikuwa kukomesha majina ya uongo. Lakini mwaka 2023 Inspection Générale des Finances ilitangaza tena kwamba imekuta katika listi za mishahara majina ya kubuni na namba zilizorudiwa. Mwalimu amekufa, jamaa wanaendelea kupokea mshahara wake: nao wanasema hawakuiba. Lakini mwalimu mupya anayefundisha darasa lilelile anangoja kuandikwa kwenye listi, naye anakula nini?

Cha tatu ndicho chenye nguvu, wala hatukizarau: "Nao wananidai? Mimi ndiye ninayewadai!" Hapa Kindu, mji wa reli, wengi wanajua uchungu wa kungoja mshahara mwezi juu ya mwezi. Je, mtu hawezi kujilipa kwa feza iliyokuja yenyewe?

Swali hili si jipya. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alihukumu mafundisho ya watu waliosema kwamba mtumishi aweza kumwibia bwana wake kwa siri, akiona mwenyewe kwamba kazi yake imepita mshahara. Sababu yaonekana wazi: hakuna mtu anayekuwa hakimu mwema katika neno lake mwenyewe. Kila mmoja angepima jasho lake kwa mizani aliyoitengeneza nyumbani, na hakuna sanduku lingebaki salama.

Lakini deni la kweli, lenye karatasi, halifutwi kwa sababu hiyo. Mtu yule ana haki ya dekonti yake. Basi afanye mchana yale ambayo moyo unamshawishi kuyafanya usiku. Aende biro na kusema: "Mmenituma hivi kwa kosa, mimi ninawadai hivi, tuhesabu pamoja." Wakikubali kupunguza deni moja kwa lingine, wataandika na kutia sahihi. Wakikataa, kuna mkaguzi wa kazi, kuna hakimu. Hesabu ileile ikifichwa inakuwa wizi, ikisemwa wazi inakuwa haki.

*Namna ya kurudisha*

Asiye na kitu leo hatakiwi kuuza sufuria watoto wake wanamopikiwa. Ufukara unaahirisha deni, haulifuti. Aombe kulipa kidogo kidogo, aandikiwe mapatano, apewe risiti kila mara. Wala asimpe mtu feza njiani ao katika baraza, isije ikapotea mara ya pili. Ailipe kwenye kasha la kampani ao banki. Anayeogopa kufunuliwa aweza kurudisha kwa mkono wa padri, bila jina.

Na kama kampani imekufa? Symétain iliyochimba bati Kalima iliungwa na nyingine mwaka 1976 kuwa Sominki, na Sominki nayo haipo tena. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mwenye kitu akiwa hajulikani baada ya kutafutwa vizuri, kitu kitolewe sadaka kwa maskini. Wala mtu asijidanganye na noti: faranga ilibadilishwa kuwa zaire mwaka 1967, zaire ikageuzwa mwaka 1993, faranga ikarudi mwaka 1998. Noti za zamani hazina kazi, lakini samani iliyoliwa zamani ilikuwa samani kweli.

Na ninyi wakubwa wa kazi, neno moja. Kosa lilitoka katika biro yenu. Msimtishe mtu kwa gereza kana kwamba alivunja mlango. Mpokeeni kwa heshima, mumpe muda, na mlipe dekonti yake. Mtakatifu Yakobo anafundisha kwamba mshahara uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Kitu chenu kinalia nyumbani kwake. Jasho lake linalia katika sanduku lenu. Mungu anasikia vyote viwili.

Mtu yule alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ni nzito." Tulikubali kwamba ni nzito. Juma lililofuata alienda na karatasi zake. Amekwisha kuanza kulipa, kila mwezi kidogo. Dekonti yake haijatoka bado, naye anaifuata kwa mkaguzi wa kazi. Lakini sasa telefone yake ikilia mwisho wa mwezi, haogopi tena kuitazama.