Akutwaye na Ngozi

Akutwaye na ngozi ndiye mwizi, husema wahenga, na hukumu nyingi za mitaani bado hutolewa hivyo. Kazi yangu ni kutafuta hitilafu ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa muda na kumbukumbu kwa programu nyingine zote, na huko ndiko nilikojifunza kuishuku methali hiyo. Kule, anayekutwa na ngozi mara nyingi ndiye aliyeibiwa ng'ombe.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Mgawaji wa kumbukumbu ndiye mwenye nyumba: sehemu ya kerneli ikihitaji nafasi hupewa chumba, ikimaliza hukirudisha. Katika Linux, mgawaji huyu hana daftari la vyumba vitupu. Ndani ya kila chumba kitupu huacha kikaratasi chenye anwani ya chumba kitupu kinachofuata. Ni ubahili wa busara, maana chumba kitupu hakina kazi nyingine. Sasa chukua mpangaji aliyehama, akarudisha chumba, lakini akabaki na ufunguo wa akiba. Siku moja anaingia, anaandika jambo lake juu ya kile kikaratasi, anatoka. Hakuna kinachotokea. Mpangaji mpya anapewa chumba kile, analala salama. Anayekuja baada yake ndiye anayeelekezwa kwenye anwani iliyoharibika, na hapo kerneli inaanguka. Ripoti ya ajali inaandika jina la nani? La huyu wa mwisho, ambaye aliomba chumba tu.

Kwenye kifaa kimoja tulichokuwa tukikitengeneza, jina hilo lilikuwa la sehemu ya mfumo wa faili iliyoandikwa na mwenzetu mmoja, dada mtulivu aliyekuwa bado mgeni kazini. Kwa wiki tatu kila ajali ilimtaja. Hakuna aliyemtukana. Ila vikaoni maswali yote yalianzia kwake, na msimbo wake ulisomwa mstari kwa mstari huku wa wengine ukiachwa. Akaanza kujieleza kabla hajaulizwa. Hilo linanisumbua kuliko hitilafu yenyewe, kwa sababu ripoti haikudanganya. Ilisema mahali kerneli ilipoangukia. Sisi ndio tuliosoma "wapi" tukaelewa "nani".

Hatimaye tuliwasha ukaguzi wa mgawaji. Ukiwa umewashwa, kila chumba kinachorudishwa hujazwa baiti ileile, 0x6b, isipokuwa ya mwisho ambayo ni 0xa5, na huandikwa nani alikichukua na nani alikirudisha. Kabla ya kutolewa tena, baiti hizo hukaguliwa. Siku ya pili, katikati ya safu ndefu ya 6b, ilionekana 6c moja. Kuna kitu kilikuwa kimeongeza moja, basi. Chumba hicho kilikuwa kimerudishwa na draiva ya modemu: kebo ilipochomolewa, draiva ilirudisha kumbukumbu yake bila kusimamisha kipima muda chake. Kipima muda kikaamka baadaye, kikaongeza hesabu mahali ambapo hapakuwa pake tena.

Draiva ilikuwa ikifanya hivyo kila kebo ilipochomolewa, na mara nyingi hakuna aliyeumia. Mwaka 1976 mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika kuhusu bahati katika maadili: madereva wawili wana uzembe uleule, mmoja mtoto anakatiza mbele ya gari lake, mwingine barabara iko tupu, nasi tunawahukumu tofauti. Swali la kawaida hapo ni kama ni haki yule wa pili aepuke lawama. Kerneli inanilazimisha kuuliza jingine, baya zaidi: bahati inapomficha mkosaji, inamsimamisha nani mahali pake?

Mtu atasema, basi ukaguzi uwashwe siku zote. Hapo ndipo haki inapodai bei. KASAN, chombo kilichoingizwa katika Linux mwaka 2015, hunasa makosa mengi ya aina hii palepale yanapotendeka, lakini kwa kawaida hutenga moja ya nane ya kumbukumbu kwa ajili ya ushahidi, na hupunguza mwendo. Kwa hiyo wateja huuziwa vifaa bila hicho. KFENCE, ya mwaka 2021, ni mapatano: hulinda vyumba vichache tu kwa sampuli, kwa matumaini kwamba mashine zikiwa nyingi mkosaji atanaswa kwenye mojawapo. Sioni ubaya wa kuchagua mwendo. Ubaya ninaouona ni kuchagua mwendo, kisha kuisoma ripoti kana kwamba tulilipia ushahidi.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: simamisha kipima muda kabla ya kurudisha kumbukumbu. Kwenye orodha yetu ya hitilafu, kichwa cha tatizo hilo bado kinataja mfumo wa faili. Niliomba kibadilishwe, nikajibiwa kwamba suala limefungwa na kichwa hakimdhuru mtu. Dada yule amehamia timu nyingine. Wanaoajiriwa sasa wakitafuta historia ya ajali zile, jina la kwanza wanalokutana nalo ni lake.